Homoni moja, jointi nne: kisa cha mama aliyekataa kuacha kutembea

Mi ni mfiziotherapia (mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi) na kisa hiki ni cha mama mmoja niliyemhudumia kwa karibu mwaka na nusu. Ameniruhusu niandike, ila jina, aina ya kazi na chochote kinachoweza kumtambulisha nimekitoa, humu namwita Mama K na hiyo K haina uhusiano wowote na jina lake. Naandika kwa sababu wanawake wengi wa umri wake wanazunguka kwenye mduara uleule aliozunguka yeye, miezi na miezi, na pia kwa sababu kuna makosa mawili humu ni yangu na nadhani wenzangu wa fani watajifunza zaidi kwenye hayo kuliko kwenye yaliyoenda vizuri.

## Alivyokuwa kabla

Miaka 50. Kazi ya kusimama muda mwingi wa siku. Presha anayo, anameza dawa kila siku na ilikuwa imetulia. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kutembea, asubuhi na mapema, mwendo wa haraka wa saa nzima, siku tano kwa wiki na wenzake wawili, aliniambia ile saa ndo saa pekee kwenye siku nzima ambayo hakuna mtu anamuomba kitu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hili lilikuwa na uzito kuliko maumivu yenyewe.

Hedhi yake ilianza kuyumba miaka miwili nyuma, mara mwezi unarukwa, mara zinakuja mbili zimefuatana. Tulipoonana alikuwa ana miezi saba hajaona siku zake. Kwa hesabu za kitabibu alikuwa bado hajafika kukoma hedhi kamili, maana mpaka itimie miezi 12 mfululizo ndo inahesabika, na wengi wanafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ila kile kipindi cha kuelekea huko ndo chenye vurugu zaidi. Joto la ghafla mchana, jasho usiku mpaka anabadilisha nguo, usingizi wa vipande vipande, akishtuka saa nane usiku ndo basi tena mpaka kunakucha.

## Mambo yalivyokwenda

Maumivu yalianza kwenye vidole vya mikono, asubuhi tu, vinakakamaa kama dakika kumi hivi alafu vinaachia. Hakuwaza. Miezi miwili baadaye magoti yakaanza wakati wa kushuka ngazi, kisha nyonga ya kulia kwa nje, pale pembeni unapoweka mkono ukishika kiuno na kushusha kidogo, ikawa hawezi kulalia upande ule. Mwisho bega la kushoto.

Jointi nne ndani ya miezi sita. Akajiambia ni uzee, watu wa karibu wakamwambia viungo vimesagika kwa sababu ya huo mwendo wake wa kila siku, aache kabisa kutembea vipumzike. Akaacha.

Miezi mitatu hakutembea. Sasa hapa wengi wanategemea maumivu yapungue, na kwa wiki mbili za mwanzo kweli magoti yalitulia kidogo, lakini kuanzia mwezi wa pili akawa anakakamaa zaidi akikaa muda mrefu, ngazi zikawa ngumu kuliko mwanzo, kilo nne zikaongezeka, na usingizi uliokuwa mbovu ukawa mbovu zaidi manake hata kile cha kumchosha mwili kilikuwa kimeondoka. Alilia siku ananisimulia hii sehemu. Akasema "nilihisi nimeambiwa maisha ya mwili wangu yameisha na nikatii".

Kisha akakasirika, akarudi njiani siku moja kama hajawahi kuacha: saa nzima, mwendo uleule, na kile kilima cha mwisho wa njia yao. Siku ya tatu nyonga ikamfunga kabisa. Akapumzika wiki mbili, akarudi tena kwa kishindo, ikamfunga tena. Mara tatu hivyo. Na ili aweze kurudi alikuwa anameza ibuprofeni kila siku bila kumwambia daktari wake, karibu wiki tano mfululizo, mpaka alipopimwa presha kwenye kliniki ya kawaida ikakutwa imepanda. Daktari alipouliza vizuri ndo vidonge vikajulikana. Dawa za kundi hilo (ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao) zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuchimba vidonda tumboni, na baadhi ya dawa za presha zinapungua nguvu zikikutana nazo. Daktari akazisimamisha na kumleta kwetu.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa daktari na nauheshimu sana: hakusema "ni homoni tu" akaishia hapo. Maumivu ya jointi nyingi kwa mwanamke wa miaka 50 yanaweza kuwa ya kipindi hiki, lakini huu pia ni umri ambao ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia jointi, yaani baridi yabisi halisi, unapenda kujitokeza. Kwahiyo akauliza maswali ambayo kila mama anaweza kujiuliza mwenyewe: jointi zinavimba kwa macho? Zina joto ukizigusa? Kukakamaa kwa asubuhi kunazidi nusu saa, kunafika saa nzima? Kuna homa, kupungua mwili bila sababu, vipele? Kwake yote yalikuwa hapana. Bado akapima damu, viashiria vya inflamesheni (uvimbe na mwasho wa ndani ya mwili), kipimo cha baridi yabisi, thairoidi (tezi ya shingoni), sukari, vitamini D. Vyote sawa isipokuwa vitamini D ambayo ilikuwa chini, akaandikiwa. Picha ya magoti ilionesha mabadiliko madogo ya kawaida ya umri.

Hapo ndo tukaweza kukaa na kumweleza kinachotokea bila kubahatisha. Estrojeni siyo homoni ya uzazi peke yake, vipokezi vyake, yaani sehemu inaposhika ili ifanye kazi, vipo kwenye gegedu (ule mto laini kwenye ncha za mifupa), kwenye utando unaofunika jointi kwa ndani, kwenye mifupa, misuli na kano (zile kamba zinazoshikisha msuli kwenye mfupa). Ikishuka, inflamesheni ndogondogo zinapanda, kolajeni (protini inayoshikilia tishu pamoja) inapungua, msuli na mfupa vinapotea kwa kasi kuliko zamani. Ushahidi mmoja unaonishawishi unatoka kwenye saratani ya titi: kuna dawa zinazoishusha estrojeni karibu na sifuri, na malalamiko makubwa ya wanaozitumia ni maumivu ya jointi, yenye sura inayofanana sana na haya ya Mama K. Mwaka 2024 watafiti wakapendekeza jina la pamoja kwa mkusanyiko huu wa dalili za mifupa, misuli na jointi kwenye kukoma hedhi. Jina haliponyi, lakini nilipomwambia kwamba kitu chake kina jina na wako wengi wenye nacho, alinyamaza kidogo alafu akasema "kwahiyo sikuwa nadeka".

Uamuzi wa pili: asiache kutembea. Huu ulikuwa wangu na nilikuwa na sababu mbili. Moja ni ya mwili, kupumzika alishakujaribu miezi mitatu na majibu tumeyaona. Nyingine ni ile saa yake. Ningemnyang'anya hiyo asingefuata chochote kingine ningemwambia. Ila tulibadilisha umbo: badala ya dakika 60 kwa mkupuo, dakika 15 mara mbili kwa siku, njia tambarare, kilima hakuna.

Uamuzi wa tatu ulikuwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mama K enzi zake za afya alikuwa na dakika 300 kamili na sifuri ya nguvu. Sifuri. Miaka yote ile estrojeni ilikuwa inamfichia hilo pengo. Tukaanza na vitu vya nyumbani: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, kulala chali na kuinua kiuno, kuinua visigino ameshika ukuta, seti tatu, siku mbili kwa wiki, na uzito unaongezeka kila wiki mbili mwili ukikubali.

Uamuzi wa nne ndo moyo wa kisa chote, daftari. Nilimwambia asihukumu zoezi kwa maumivu ya wakati ule, ahukumu kwa asubuhi inayofuata. Kila jointi inapewa namba kutoka 0 mpaka 10 wakati wa zoezi, na namba nyingine kesho yake asubuhi. Wakati wa zoezi ikifika 4 au 5 na asubuhi imerudi ilipokuwa, endelea, hiyo ni kazi siyo madhara. Asubuhi ikiwa juu kuliko kawaida, usiache, punguza theluthi moja ya kile ulichofanya na ujaribu tena. Ruhusa ya kuumwa kidogo ilimshangaza, alishazoea kwamba kila maumivu ni kitu kinavunjika.

Uamuzi wa tano ulikuwa wake na daktari, kuhusu homoni. Alipewa maelezo: tiba ya homoni kazi yake kuu ni joto la ghafla na jasho la usiku, inafaa zaidi ikianzwa kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike, kulinda ukuta wa mfuko, na wapo wasiotakiwa kuigusa kama aliyewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda au anayetoka damu isiyoeleweka. Kwa jointi aliambiwa ukweli, kwamba matumaini yawe madogo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 10,000 waliokuwa wametolewa mfuko wa uzazi, baada ya mwaka mmoja waliokuwa na maumivu ya jointi walikuwa asilimia 76.3 kwenye kundi la estrojeni na asilimia 79.2 kwenye kundi la dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia). Tofauti ipo lakini ni nyembamba. Akaamua kuanza, kwa ajili ya usingizi, presha ikiwa imesharudi kwenye mstari, na daktari akamchagulia ya kupaka kwenye ngozi.

Kwa magoti alipewa jeli ya diklofenaki ya kupaka, inayoingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge.

## Wiki ya tatu, nyonga ikagoma

Magoti yalikuwa yanashuka vizuri, vidole pia. Nyonga ilikuwa inapanda. Kwenye daftari asubuhi zilisomeka 5, 6, 6, 7. Nikadhani anatembea kwa kujificha zaidi ya tulivyokubaliana na nikamuuliza kwa namna ambayo siipendi nikiikumbuka. Akafungua daftari akanionesha, dakika 15, dakika 15, dakika 15, kila siku.

Tatizo lilikuwa mimi. Siku ya kwanza nilimpa karatasi ya kujinyoosha na mojawapo lilikuwa lile la kuvuta goti kuvuka kwenda upande wa pili wa mwili ili nyama za pembeni ya makalio zivutike. Kwa maumivu ya nje ya nyonga kwa mama wa umri huu, mara nyingi kinachouma ni kano za misuli ya makalio pale zinaposhika kwenye mfupa, na ukivuta mguu kuvuka katikati kano inabanwa juu ya mfupa. Nilikuwa namwambia aibane mara mbili kwa siku kwa sekunde 30. Alikuwa anatii kila siku.

Nilimwomba radhi, nikaliondoa. Tukaondoa na mambo mengine yanayobana palepale bila mtu kujua: kukunja nne akikaa, kusimama kazini ameegemea mguu mmoja na kiuno kimening'inia upande, kulalia upande bila mto katikati ya magoti. Badala yake nikampa zoezi la kusimama kando ya ukuta na kuusukuma kwa pembeni ya mguu bila kusogea, sekunde 30 mpaka 45, mara tano, kisha baada ya wiki chache kupanda kidaraja kifupi taratibu. Kano inataka mzigo wa polepole unaoongezeka, haitaki kuvutwa. Ndani ya siku kumi asubuhi zikaanza kusomeka 5, 4, 4.

## Matokeo

Wiki ya 12: magoti asubuhi 1 mpaka 2, vidole 1, nyonga 3. Kipimo cha kukaa na kuinuka kwenye kiti kwa sekunde 30 kilitoka 9 kikafika 14. Alikuwa anatembea dakika 40 kwa mkupuo, mara nne kwa wiki, na siku moja akanipigia asubuhi kuniambia tu kwamba kile kilima amekipanda. Usingizi ulifika masaa sita bila kukatika siku nyingi, jasho la usiku likawa limepungua sana. Presha imetulia. Kilo nne zilipungua mbili, hatukuzifukuza.

Bega halikupona. Wiki ya 12 lilikuwa baya kuliko wiki ya kwanza, alikuwa hawezi kufunga sidiria kwa nyuma wala kuchana nywele upande ule.

## Uchambuzi

Nianze na bega, ndo kosa langu la pili na kubwa zaidi. Niliposikia jointi nne ndani ya miezi sita na hedhi inayokoma, nikazifunga zote kwenye furushi moja. Homoni ni moja ndio, lakini goti lake lilikuwa goti lisilo na msuli wa kulibeba, nyonga ilikuwa kano, vidole vilikuwa kukakamaa kwa kawaida, na bega lilikuwa bega lililoganda, utando unaoizunguka jointi umekaza na kuvimba. Hilo linapenda wanawake wa miaka 40 mpaka 60, na zaidi wenye kisukari au shida ya thairoidi. Kulitambua ni kitu cha dakika moja: mgonjwa amekunja kiwiko ubavuni, mimi nauzungusha mkono kwenda nje, kama haufiki hata nikiusukuma mwenyewe basi siyo udhaifu, ni kufungwa. Hiyo dakika moja sikuitumia siku ya kwanza. Nilimpa mazoezi ya nguvu ya bega kama kwa jointi nyingine na yalikuwa yanalichokoza. Sindano ya steroidi ndani ya jointi inasaidia zaidi ikichomwa mapema, kipindi cha maumivu makali, yeye aliipata mwezi wa nne na ikamsaidia kulala, lakini ugumu ulichukua zaidi ya mwaka kuachia. Ningepima siku ya kwanza angepata sindano miezi mitatu kabla.

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ile sheria ya asubuhi. Siyo kwa sababu ina uchawi, ila ilivunja ule mtindo wa kuacha kabisa kisha kurudi kwa kishindo, ambao ndo ulikuwa unamuumiza kuliko kutembea kwenyewe. Mtu akiwa na hatua ya katikati, kupunguza theluthi, hahitaji kuchagua kati ya kitanda na kilima. Na daftari lilifanya kitu kingine ambacho sikukipanga, lilimtetea mbele yangu. Bila zile namba ningeendelea kumlaumu kwa nyonga niliyoibana mwenyewe.

Nguvu nayo ilifanya kazi kwa magoti, hilo halina ubishi kwangu. Kwa wanawake wa zile dawa za saratani ya titi nilizozitaja kuna utafiti uliochapishwa 2015 ambapo kundi lililofanya mazoezi, dakika 150 kwa wiki pamoja na nguvu mara mbili, kwa mwaka mzima, maumivu yao makali zaidi yalishuka kwa asilimia 29 wakati kundi lingine hayakushuka. Wale estrojeni yao iko chini kabisa na bado mwili uliitikia. Mama anayeambiwa "homoni zimeisha, vumilia" angetakiwa ajue hilo.

Homoni je? Siwezi kutenganisha. Usingizi ulirudi wiki ya nne au ya tano baada ya kuanza, na namba zote za asubuhi zikashuka kidogo kwa pamoja kipindi hichohicho, hata vidole ambavyo hatukuvifanyia chochote. Inawezekana ni estrojeni kwenye jointi, inawezekana ni usingizi tu maana mtu asiyelala anasikia maumivu zaidi. Mi naegemea usingizi, na ndo maana siku hizi swali la usingizi nauliza kabla ya swali la goti.

Vitamini D ilipanda mpaka kawaida na maumivu hayakutikisika wiki hizo. Ilistahili kutibiwa kwa ajili ya mifupa, hasa miaka hii ambayo mfupa unapotea haraka, ila tungemwahidi kwamba itamwondolea maumivu angetuona waongo.

Na ile miezi mitatu ya kupumzika, sitaki kumlaumu yeyote aliyemshauri, walimpenda. Lakini alipoteza msuli kwenye kipindi ambacho msuli ni mgumu kurudi, na wiki zetu sita za kwanza zilikuwa za kurudisha tu pale alipokuwa siku aliyoacha.

Mara ya mwisho tumeonana ilikuwa mwezi wa 17. Bega linafika nyuma mpaka kwenye mkanda, nywele anachana. Nyonga inamsumbua akisahau mto. Anatembea siku nne badala ya tano, na ile ya tano kawabadilisha wenzake wawili: wanakaa na kuinuka kwenye kiti, yeye anahesabu.